Nilienda kulala kambini kwa hiari yangu

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaotusoma kwenye simu, leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya muhogo sokoni. Nataka kuwaelezea safari ya siku tatu niliyofanya kando ya mto Epulu, ndani ya Hifadhi ya Okapi, hapa kwetu katika wilaya ya Mambasa, jimbo la Ituri. Nilichelewa kuiandika kwa sababu niliona haya. Mtaelewa kwa nini.

Siku moja kabla ya kuondoka nilipita kumsalimia mama yangu mkubwa. Yeye anaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani tangu kijiji chake kiliposhambuliwa. Nilimkuta amekaa mlangoni, anachagua mawe kwenye maharage juu ya ungo. Akauliza ule mfuko mkubwa mgongoni kwangu ni wa nini.

"Mama, tunaenda Epulu kupiga kambi."

Akaacha maharage. "Kupiga nini?"

"Kambi, Mama. Tunaenda kulala kwa hema pembeni ya mto. Tunalala mara mbili, halafu tunarudi."

Akanitazama. Halafu akainua macho akatazama shitingi iliyo juu ya kichwa chake, imepasuka na kushonwa kwa uzi wa nailoni. Kisha akacheka. Alicheka mpaka majirani wakatoka. "Mukuje musikie! Huyu mutoto iko na nyumba ya mabati, anaiacha anaenda kutafuta kambi! Kama unapenda kambi si ulale hapa? Nafasi tutakupa!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini njiani kurudi nyumbani neno lile lilinikaa. Katika Kiswahili chetu kambi ni neno moja. Kambi ya mama mkubwa ni kambi, na kambi niliyokuwa naendea ni kambi. Hema ni hema. Nikaanza kujiuliza kama ninachoenda kufanya si dhihaka kwa watu wangu.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa naenda. Kazi yangu mnaijua. Simu inalia asubuhi, mtu wa kijiji fulani anasema wameingia usiku, nyumba zimechomwa, watu wamekufa wangapi, waliobaki wamekimbilia wapi. Naandika, nahakikisha kwa mtu wa pili na wa tatu, halafu nasoma hewani. Nimefanya hivyo miaka mingi. Mwisho usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nalala saa sita usiku, naamka saa nane, nasikiliza mbwa. Mbwa akinyamaza nasikiliza kwa nini amenyamaza. Fundi wa mitambo wa redio yetu, ambaye tunashea ofisi, aliniona nimelala juu ya meza mchana mara mbili. Ndiye aliyesema: "Kaka, twende Epulu. Kule maji yanapiga kelele usiku kucha. Hautasikia mbwa yoyote."

Na mimi pori naliogopa. Mwishoni mwa mwaka 2002, vita vilipofika Mambasa, nilikuwa mtoto wa miaka 13. Maelfu ya watu walikimbia kuelekea upande wa Beni, na sisi tulikuwa ndani ya maelfu hao. Tulipita porini. Mama alibeba mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani. Usiku tulilala juu ya majani, bila moto, kwa sababu moto unaonekana. Baadaye tulikaa Oicha chini ya shitingi mpaka tulipoweza kurudi. Tangu siku hizo, mtu akisema pori, mimi nasikia kukimbia.

Kabla ya kuondoka tulifanya kile ambacho nawaomba kila mtu afanye: tuliuliza hali ya usalama kwa watu mbalimbali, siyo mmoja. Tuliuliza madereva waliotoka upande ule siku hiyo hiyo, tukauliza wakuu wa huko, tukauliza kituo cha ICCN, yaani taasisi ya serikali inayotunza mbuga zetu. Wote waliposema njia ni shwari, tukachukua motari wawili.

Kutoka Mambasa hadi Epulu ni karibu kilomita 70 kwa Barabara ya Taifa namba 4, ile inayoendelea hadi Kisangani. Tulienda mwezi wa pili, wakati wa jua, kwa hiyo vumbi lilikuwa jingi na matope kidogo. Kadiri unavyoendelea, mashamba yanapungua na miti inasogea barabarani. Mwisho unaona pande mbili ukuta wa majani tu, na hewa inakuwa baridi ghafla, kama umeingia nyumba ya udongo kutoka nje kwenye jua.

Epulu ni kijiji kidogo kwenye daraja la mto wenye jina hilo hilo. Wengi wetu tumezaliwa karibu nako na hatujui historia yake. Katika miaka ya 1930 Mmarekani mmoja, Patrick Putnam, alijenga makazi yake pale ukingoni. Mwaka 1952 Wabelgiji waliweka kituo cha kukamatia okapi ili kuwapeleka kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1992, na mwaka 1996 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia. Mwaka mmoja tu baadaye, 1997, ikaandikwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita. Ni eneo kubwa sana, zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Na okapi, huyo mnyama mwenye mistari ya punda milia miguuni lakini ni ndugu wa twiga, haishi porini katika nchi nyingine yoyote duniani. Ni wetu peke yetu.

Tulijiandikisha, tukaonyeshwa pa kuweka hema, na tukapewa mzee mmoja wa Kimbuti wa kutuongoza. Mahali penyewe ni ukingoni, chini ya miti mirefu. Mto pale ni mpana, maji yake yana rangi ya chai ya rangi, na katikati yake kuna mawe makubwa meusi. Maji yanafika kwenye mawe hayo na kushuka, ngazi baada ya ngazi, yanatoa povu jeupe. Si maporomoko ya kutisha. Mtu aliyeona Tshopo kule Kisangani atasema haya ni madogo, na kweli ni madogo. Lakini sauti yake haiachi. Ukizungumza na mwenzako unasogea karibu. Baada ya saa moja husikii tena kelele, unasikia tu kwamba moyo umetulia.

Tulikuwa na hema moja la kuazima, na shitingi ya kuweka juu ya vitu na jiko. Fundi alianza kufunga shitingi akashindwa, inapepea huku na huku. Nikamwambia lete. Nilifunga kamba kwenye mti, nikavuta, nikaweka jiwe dogo ndani ya kona ya shitingi na kufungia kamba juu yake ili isichanike, nikaacha upande mmoja ushuke chini kidogo ili maji ya mvua yapate pa kwenda. Halafu nikachukua jembe nikachimba mfereji mdogo kuzunguka hema. Sikufikiri. Mikono ilifanya yenyewe.

Fundi akasema: "Kaka, hii ulijifunza wapi?"

Nikamwambia: "Oicha. Nikiwa na miaka 13."

Hakusema kitu. Alikwenda kutafuta kuni.

Jioni tulipika wali na makayabu, tukakaa na mzee karibu na moto. Moto mkubwa, unaoonekana kutoka ng'ambo ya mto. Jambo hilo peke yake lilinishangaza: kukaa porini usiku na kuwasha moto bila kuogopa nani anauona. Tulilala saa tatu.

Katikati ya usiku kitu kililia. Sijui niwaeleze vipi. Kilianza chini, kama mlango wenye kutu, kikapanda, kikapanda, mpaka kikawa kama mtu anayechinjwa, halafu kikakatika. Kikaanza tena upande mwingine. Nilipopata akili nilikuwa nje ya hema, nimevaa viatu, mfuko uko mgongoni, na nimemshika fundi kwa shati. Sikumbuki kuvaa viatu. Waliosema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka walinijua mimi.

Mzee alikuwa amekaa pale pale karibu na moto, anavuta tumbako yake. Akatutazama, akacheka polepole. "Ni pelele," akasema. "Kanyama kadogo, kama sungura, kanapanda miti. Kanaita mwenzake. Ukubwa wake ni sauti tu."

Nilikaa chini. Miguu ilikuwa inatetemeka. Mzee alisogeza kuni, akaniuliza kama ni mimi mmoja wa wale waliokimbia. Nikasema ndiyo. Akauliza mwaka gani, kwa njia gani, nikamweleza. Halafu akasema maneno ambayo nilimwomba ruhusa ya kuyaandika:

"Mulikimbia juu ya watu. Pori haikuwafanyia kitu. Pori iliwaficha. Watoto wa ile safari wako wazima, ama hapana?"

Nikasema wako wazima. Mdogo wangu aliyekuwa mgongoni sasa ni mwalimu.

"Sasa kwa nini unaogopa yule aliyekuficha?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hii nilikuwa nimeweka pori na waliotufukuza katika mfuko mmoja. Ni kweli hata leo wenye silaha wanajificha porini, na hofu hiyo si ujinga. Lakini mama yangu alipokosa pa kwenda, aliingia pale, na pale palitupokea.

Siku ya pili mzee alitupeleka kutembea. Alituonyesha majani ya mangongo ambayo watu wake wanaezekea vibanda na kufungia chakula. Alituonyesha miti ya mbau, ambayo mahali pengine inatawala peke yake, na chini yake kivuli ni kizito hadi mchana unaonekana jioni. Okapi hatukumwona. Mzee alisema atakusikia wewe mapema kuliko utakavyomsikia yeye. Lakini alituonyesha alama ya kwato zake kwenye udongo laini karibu na kijito, kwato iliyogawanyika mbili, bado mbichi. Tuliinama tukaitazama kama watu wanaosoma barua.

Mchana tulikula kwa mama mmoja anayepika kando ya barabara, sombe na ndizi. Tulipomwambia tunatoka redioni akaanza kuzungumza mwenyewe juu ya mwaka 2012. Tarehe 24 mwezi wa sita mwaka huo, wapiganaji wa Mai-Mai Simba wa yule aliyeitwa Morgan walivamia Epulu asubuhi. Watu waliuawa, wakiwemo walinzi wa hifadhi, na majengo ya kituo yalichomwa. Okapi 13 waliokuwa wakitunzwa pale waliuawa, na yule wa 14 naye hakupona. Wakaaji wakakimbia, na mama huyu kati yao, na watoto wanne.

"Na mulirudi lini?" nikauliza.

"Siku ya kwanza nilirudi peke yangu kutazama. Nilikuta nyumba haina mlango, haina sufuria. Nikaenda mtoni kuoga. Maji yalikuwa vilevile. Nikasema, basi, nitaleta watoto."

Akatuongezea sombe bila kutuuliza.

Usiku wa pili pelele alilia tena. Niliamka, nikasikiliza, nikajua ni nani, nikageuka upande mwingine. Niliposhtuka ilikuwa saa moja asubuhi na fundi alikuwa ameshachemsha chai. Nilikuwa nimelala saa tisa bila kuamka tena. Naweka hesabu hiyo hapa kwa sababu waandishi tunazoea kuhesabu mambo mabaya tu.

Kabla ya kufunga mizigo nilichukua kinasa sauti, nikashuka kwenye mawe, nikarekodi maji kwa dakika tatu. Hakuna mtu anayezungumza ndani yake. Maji tu, na ndege mmoja mwishoni. Niliwaza yanakokwenda: Epulu inaingia mto Ituri, Ituri chini huko inaitwa Aruwimi, na Aruwimi inaingia mto Kongo. Tulizima moto kwa maji, tukakusanya takataka zetu zote ndani ya mfuko, hata mabaki ya sabuni, tukafukia ule mfereji niliochimba. Mzee alitazama mahali hema lilipokuwa, akasema: "Vizuri. Mtu hajalala hapa."

Siku niliyorudi nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkubwa. Nilikuwa bado na haya. Nilikaa kwenye bidoni lililopinduliwa, nikamwambia, Mama, nimekuletea kitu. Nikaweka simu juu ya ungo wake nikafungua sauti ya mto.

Wajukuu wake watatu walikuwa ndani. Waliposikia, mkubwa, wa miaka 9 hivi, aliruka akaanza kuburuta godoro kutoka kwenye kona. Mdogo wake akashika sufuria akaiweka katikati ya sakafu. Walidhani ni mvua. Kona ile ndiyo inayovuja, na sufuria ile ndiyo ya kukingia.

Mama mkubwa akawaambia: "Acheni. Ni mto." Wakatoka nje wakatazama mbingu, kweli jua linawaka, wakarudi wakakaa karibu na simu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, rudisha. Nikarudisha. Mara ya tatu akaanza kuwaeleza watoto juu ya kijito cha kijijini kwao, pale ambapo wanawake walikuwa wanaloweka muhogo, na jiwe ambalo kila mmoja alikuwa na nafasi yake ya kukaa. Mtoto mkubwa akauliza: "Na mulikuwa munapanga mustari?" Kwake maji ni mstari wa mabidoni tangu saa kumi na moja asubuhi. Mama mkubwa akasema hapana, maji yalikuwa yanatosha watu wote. Mtoto hakuamini. Mimi ninayemjua mama mkubwa tangu kuzaliwa nawaambia: tangu alipofika pale, hakuwahi kutaja kijiji kile mbele ya wale watoto.

Sasa naweza kujibu swali nililoondoka nalo. Hema ni hema, shitingi ni shitingi, na mfereji unachimbwa namna moja. Kinachotenganisha kambi yangu na yake ni kwamba mimi nilijua siku ya kurudi nyumbani, na nyumba ilikuwepo. Yeye hajui. Hilo halifanyi mapumziko yangu kuwa dhambi, lakini linanidai. Nisipumzike halafu nikanyamaza. Kila mara ninapoulizwa wakimbizi wanataka nini, wengi wanatarajia niseme unga na shitingi mpya. Wanazihitaji, na leo hii. Lakini wanachotaka ni ile siku ya kurudi.

Kwa wale mlio na nafasi, siku njia ikiwa shwari, nendeni mkaone mto wenu. Ulizeni usalama kwanza, kila mara, hata kama mlikwenda mwezi uliopita. Jiandikisheni kwenye kituo. Chemsheni maji ya kunywa, lala ndani ya chandarua, msinunue nyama ya porini barabarani, na mlipe vizuri anayewaongoza. Msiache pori kuwa la wenye bunduki peke yao.

Dakika zile tatu za maji tutaziweka hewani Jumamosi, baada ya habari za jioni. Mama mkubwa ameshawaambia majirani wote wawashe redio. Mtakaosikia mkiwa chini ya shitingi, msihamishe magodoro. Ni mto.

Nilipokuwa naaga alinishika mkono. "Siku tukirudi kwetu," akasema, "utatupeleka sisi wote kule Epulu, na hawa watoto. Lakini usituletee mambo yako ya hema. Tutafutie nyumba. Hema mimi nimeshiba."